Kipepeo Aliyepewa Jina la Dada Yangu

Tangu kabla sijaolewa, dada yangu mkubwa anafanya kazi na vipepeo waliokufa. Chumba chake kiko nyuma ya jumba la makumbusho, kule ambako wageni hawafiki na harufu ya dawa ya nondo inakupokea mlangoni. Mdudu aliyekauka anamlaza kwenye kopo la mchanga wenye unyevu hadi alainike, kisha anamkunjua mabawa juu ya ubao na kumchoma pini katikati ya mgongo. Ana mkono mwepesi, na hasira nyepesi vilevile. Kazini wanamwita Bi Pini.

Anaowapenda ni vipepeo wa kahawia, wale ambao wewe na mimi tunawapita kwenye nyasi tukidhani ni jani kavu. Alinionyesha jinsi ya kuwajua. Miguu yao ya mbele imedumaa, hivyo wanatembea kwa minne tu, na pale bawa linapoanzia mishipa imevimba. Ukoo wao unatafutwa hapo, hautafutwi kwenye rangi, maana hata gunia ni la kahawia.

Droo mbili alizilinda kuliko zote. Moja ilikuwa ya vipepeo wenye madoa ya duara kama macho pembeni mwa mabawa. Ya pili ilikuwa ya wasio na macho kabisa, wamefifia kama majani yaliyoanguka. Hao wa pili mkubwa wake wa zamani, Mzee wa Miwani, aliwatangaza kuwa ni aina mpya, akawapa jina la dada yangu na kulifunga mkia wa Kilatini. Wakati ule dada alikuwa ameomba tena kupandishwa cheo. Mzee akamwambia nafasi haipo, lakini cheo kinaisha siku ya kustaafu, na jina litasomwa hadi na wajukuu. Dada akaridhika akabaki msaidizi. Vijana aliowafundisha kushika pini wakampita mmoja baada ya mwingine, naye akasema waacheni, mimi nina kipepeo wangu.

Mzee alipofariki nafasi yake ikashikwa na Daktari, msomi wa wadudu, mwanamke kijana mwenye adabu. Akazikagua droo zile na kusema kwa upole kwamba wale wote ni aina moja. Wanaozaliwa kipindi cha joto na mvua wana macho, ili ndege adonoe pembeni ya bawa aache kichwa. Wa kiangazi chenye baridi hawana, kwa sababu wanakaa chini kwenye majani makavu, na anayeonekana analiwa. Vizazi na vizazi vimeliwa hivyo, wakabaki wale wanaoweza kubadili vazi. Na kwa kuwa wenye macho walipewa jina zamani sana, jina la kwanza ndilo linalokaa. La dada lingefutwa.

Tunaishi pamoja tangu nifiwe na mume. Siku ile aliingia akaupiga mlango teke, akakaa jikoni na kiatu kimoja mguuni hadi chai ikapoa. Akasema huyo binti amekuja juzi na anataka kumzika akiwa hai. Ataonyeshwa.

Alimnasa kipepeo jike mmoja mwenye macho kwa ndizi iliyooza, akamweka ndani ya neti pamoja na nyasi alizootesha kwenye kopo. Mayai yalipoanguliwa akawagawa viwavi kwenye neti mbili. Nusu waliwekwa rafu ya juu ya jiko, kwenye joto, na nusu stoo, chini kwenye baridi ya sakafu ya saruji. Mama yao ni mmoja, alisema. Kama Daktari ni mwongo, watoto wote watatoka na macho kama mama yao.

Kaka yetu alipokuja kututembelea alicheka hadi akakohoa. Wenzako wanafuga kuku, alimwambia, wewe wageni wakija utawachinjia kiwavi? Kisha akageuka mkali, akasema habari za viumbe kubadilika ni kumkana Muumba. Nilimjibu taratibu kwamba aliyemshonea mdudu nguo mbili hajapungukiwa na kitu.

Wa jikoni walitoka kwanza, wote na macho yao. Dada akaimba siku nzima. Wa stoo walichelewa. Asubuhi moja nikitoka kusali nikainua kitambaa, nikaona neti imejaa majani makavu yanayopumua. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na jicho. Nilimwita dada. Akatazama akiwa amesimama, kisha akachuchumaa akatazama tena.

Kaka alipopata habari akashauri tufungue neti waruke zao, nani ameona?

“Mimi nimeona,” dada akasema.

Nilidhani atalia, lakini alikitupa kitambaa cha neti sakafuni. “Yule mzee alinipa kitu ambacho hakipo,” akaniambia, “ili asinipe kilichokuwepo. Nami nikamshukuru, mdogo wangu. Nikamshukuru mbele za watu.”

Mimi kila siku namwomba Mungu aniondolee hasira. Ile sikuiombea iondoke. Niliwakumbuka wale vijana wote, na mishahara yao, na dada akiwafungulia mlango.

Tukaenda makumbusho sote wawili, kila mmoja na neti yake. Dada akazitua juu ya meza ya Daktari, akaeleza wepi wamelelewa wapi. Daktari akainama kutazama, uso ukamng'aa.

“Mama, hii ni kazi kubwa sana.”

“Usiniite mama. Nyumbani kwangu sina mtoto, na hapa nina kazi. Droo nitaziunganisha mwenyewe, leo hii. Jina langu lifuteni. Sasa nataka cheo changu.”

Daktari akasema anamwelewa kabisa, ila mambo ya vyeo yanaamuliwa na wakubwa wa juu, kuna utaratibu, na pengine tusubiri kidogo.

“Huko juu ni ngazi tu,” dada akasema. “Miguu ninayo. Twende.”

Daktari alizitazama zile neti, akamtazama dada, akainuka polepole. Dada alitangulia. Walipanda wakiniacha na vipepeo, na kila walipozidi kupanda sauti yake ilizidi kuwa kubwa, hadi watu wakachungulia kutoka vyumba vya chini. Sikumfuata kumwambia aipunguze.