Kiraka cha Kiganjani

Mume wangu anaziba pancha, na mtaani wanamwita Hakikisha. Hamwamini mtu. Ukimwambia tairi limetoboka mahali pamoja tu, atazamisha mpira wote kwenye karai la maji, augeuze taratibu akitafuta mapovu. Hata chai nikimpa anaichungulia kwanza, kana kwamba miaka yote hii nimekuwa nikivizia nafasi ya kumwekea sumu. Nimemzoea, lakini kuna siku ananichosha roho.

Juzi mchana nikamwona anakula kwa kijiko, tena kwa mkono wa kushoto. Wa kulia kauficha chini ya meza. Safari hii shaka ikaniingia mimi.

"Baba watoto, hebu lete huo mkono."

"Una nini na mkono wangu?"

Nikauvuta. Katikati ya kiganja alikuwa amebandika kiraka cha mpira, kilekile cha kuzibia baiskeli, kwa gundi ya sulusheni. Asubuhi waya wa tairi kuukuu lililolala matopeni ulikuwa umemchana.

"Hewa haipiti hapo," akasema kwa majivuno. "Mdudu ataingilia wapi?"

Nilimkokota hadi zahanati huku tukigombana njia nzima. Nesi, mama wa makamo, alipokiona kile kiraka aliguna. Akakibandua, akaliosha jeraha kwa sabuni na maji mengi mpaka udongo ukatoka. Kisha akaandaa sindano, akamwambia atoe bega.

"Nimeumia kiganjani," mume wangu akasema. "Bega linaingiaje hapa?"

"Ni chanjo ya pepopunda, kaka yangu. Mdudu wake anakaa kwenye udongo, na hapendi hewa. Wewe umemjengea chumba, ukamfungia na mlango."

"Umemwona?"

"Yeye sijamwona. Nimewaona aliowashika. Taya zinakaza, mgongo unapinda kama upinde, na mgonjwa akili zake anazo zote."

Mume wangu akanigeukia. "Nyie mmepanga?" Akataka aonyeshwe chupa, akasoma tarehe, akanusa hadi pamba. Halafu akanyoosha kidole kwangu. "Mchome huyu kwanza, nione."

"Mimi nilishachomwa zamani!" Hasira zilikuwa zimenipanda. "Nilichomwa nikiwa na mimba. Na watoto wamechanjwa wote. Wewe ulikuwa nje unalinda baiskeli isiibwe."

Kidole akakishusha.

"Kwa hiyo pale nyumbani asiye na kinga ni mimi tu?"

"Ni wewe tu."

"Na hukuniambia."

"Ungeniamini?"

Alifungua vifungo vya shati, akatoa bega, macho kayakazia kwenye sindano bila kupepesa. Mkono wake mzima ukapapasa ukatafuta wangu, ukanibana vidole mpaka vikaniuma. Hapo ndipo nilipojua kwamba anaogopa kufa, na hasira zote zikaniisha.