Yule Hakurudi

Sindano alikuwa fundi wa makochi, na jina hilo alipewa kwa sababu ya ulimi wake mkali, si kwa kushona. Pale karakana kila fundi alikuwa na zamu ya kuweka muziki anaoupenda kwenye spika. Asubuhi ile alikuwa amevumilia rapu ya mpaka rangi na rumba ya seremala. Zamu yake ilipofika, akaweka gitaa tupu.

Dakika haijaisha, seremala akauzima muziki. "Dada, hawa wataanza kuimba lini?"

Sindano akatupa mkasi juu ya sponji. "Nani kakutuma? Rumba yako imelia kama mbuzi na nimenyamaza! Mtu ameaga kwao, amefika mlangoni, ndiyo kwanza anageuka, na wewe unamkatiza!"

"Mtu gani?" seremala akauliza akicheka.

"Funga mdomo usikilize, gitaa linasimulia!"

Akauanza upya, akasimama mbele ya spika mikono kiunoni. Hakuna aliyethubutu kugonga msumari. Gitaa likaenda polepole, likasita, likakimbia, kisha likatulia kwenye nyuzi nene.

Muziki ulipokwisha, seremala alikuwa hacheki tena. "Kumbe alirudi," akasema taratibu. "Mama yake kafurahi."

"Alirudi wapi?" Sindano akapandwa na mori upya. "Yule hakurudi!"

"Alirudi, dada. Zile nyuzi nene ni hatua zake uani."

"Ni za mama yake, anaingia ndani peke yake!"

Wakabishana mpaka karakana ikafungwa. Sindano akaenda nyumbani amefura, akiapa kwamba kesho atamsikilizisha tena yule kichwa ngumu mpaka aelewe.