Nyeusi ya Ogutu

Nyeusi ni rangi, au si rangi?

Mimi nilikuwa na jibu. Nililipata chuoni, mwaka wa pili, katika somo la fizikia: kitu cheusi humeza mwanga wote na hakirudishi chochote, kwa hiyo nyeusi ni upungufu tu, ni pahali ambapo mwanga umekosekana. Nilikuja na jibu hilo Kangemi mwaka wa 2005, pamoja na diploma ambayo hakuna shule iliyoitaka. Nikapanga chumba kilichopakana na kibanda cha Ogutu, nikamwambia.

Ogutu alikuwa mpiga rangi. Watu walimletea suruali za mtumba zilizopauka, makoti ya mazishi, sketi za shule, naye akazichemsha ndani ya pipa lililokatwa nusu, akikoroga kwa mpini wa jembe. Alitoka Busia akiwa kijana, akaifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili, na mikono yake ilikuwa imekolea hadi kwenye viwiko. Alipika rangi moja tu. Aliyetaka nyekundu au buluu alielekezwa kwa Oloo, ng'ambo ya barabara.

“Kwa hivyo mimi nauza giza,” aliniambia siku hiyo.

“Kisayansi, ndiyo, mzee.”

“Basi mwalimu, nenda unichotee giza ya kutosha sketi mbili. Hii ya mkebe imepanda bei.”

Wateja walicheka. Mkewe, Nakhumicha, aliyekuwa akianika nguo kivulini, alicheka hadi akaangusha vibanio.

Ogutu hakuona kwa nini nilisema “nyeusi” kana kwamba ni moja. Kulikuwa na nyeusi inayovuta wekundu, ambayo ndiyo hutoka kwenye rangi ya bei rahisi. Kulikuwa na nyeusi ya moshi, na nyeusi yenye ubuluu ndani yake, ambayo walimu waliipenda. Yake haikuvuta popote. Ili kuua ule wekundu alitia rangi ya kijani kidogo, na kidogo hicho ni kiasi gani, na kitiwe lini, hakumwambia mtu. Wapiga rangi wa Kangemi wanaibiana. Ndiyo maana kila mmoja hubandua karatasi kwenye mikebe yake siku ile ile anapoinunua, akabaki kuitambua kwa kuchungulia unga uliomo. Ogutu alimficha hata Nakhumicha. Katika kibanda kile, mtu mmoja tu ndiye aliyejua mkebe upi ni upi, na unga wa nyeusi na unga wa kijani hufanana sana.

Mwezi wa Julai, mwaka uliofuata, mama mmoja aitwaye Waceke alileta suruali thelathini. Alikuwa msimamizi wa walinzi katika nyumba za Lavington, na kampuni yake ilitaka kila mlinzi avae suruali nyeusi. Ijumaa alirudi kuzichukua. Akaikunjua moja juani.

“Mzee, nilikuambia ni za walinzi ama ni za miti?”

“Hiyo ni nyeusi.”

“Hii ni kijani. Mtu akisimama kando ya ua nayo, mwizi atamfunga mbuzi kwake.”

“Mama, mimi nilianza kupika nyeusi ukiwa bado unasoma nasari.”

Ogutu aliichukua suruali, akaisogeza karibu na uso, akageuza kichwa upande kama kuku anayetazama punje. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo miezi mingi. Nilidhani ni mazoea ya kazi.

“Mwalimu,” akaniita. “Mwambie.”

Niliitazama ile suruali.

“Mwalimu. Hii ni rangi gani?”

“Ni kijani, mzee.”

Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Waceke aliacha mzaha. Alizikusanya suruali zake polepole, akasema walinzi wanaanza kazi wiki ijayo na hana la kufanya, kisha akavuka barabara kwenda kwa Oloo.

Jumatatu nilimpeleka Ogutu mjini, kwenye kliniki ya macho iliyo ghorofa ya tatu, karibu na Moi Avenue. Kwenye ngazi alinishika bega, akihesabu kila hatua kwa sauti ya chini. Daktari aliitwa Debra, msichana wa rika langu. Alimtazama kwa taa yake muda mrefu.

“Mzee, ni presha ya macho. Imeanza zamani.”

“Miwani itasaidia?”

“Hapana. Mshipa unaotoka kwa jicho umekufa. La kushoto limekwisha. La kulia limebaki tundu dogo tu katikati, na pale hata rangi zinapotea. Nitakupa dawa ya kulinda hicho kilichobaki. Sikuahidi.”

“Na kilichokwisha?”

“Hakirudi, baba.”

Daktari akauliza, “Kwa hili la kushoto, unaona nyeusi tu?”

“Hapana.”

“Unaona nini?”

“Daktari, nyeusi naijua. Nyeusi ni kitu. Nikiwa na nyeusi naweza kukuambia imeiva ama haijaiva. Huku hakuna kitu.” Akagusa nyuma ya kichwa chake. “Kisogo chako sasa hivi kinaona rangi gani?”

Daktari akazima taa yake. Mwaka mzima nilikuwa nimemwambia mtu huyu kwamba nyeusi ni kukosekana kwa mwanga, na sasa mwanga ulikuwa umekosekana kweli, na aliyeijua nyeusi kuliko mtu yeyote Kangemi aliitafuta humo asiione.

Nilimuuliza daktari kama jambo hili lingeweza kuzuiwa. Akasema ndiyo, kipimo ni cha dakika chache, kingefanywa miaka kumi iliyopita. Nani alikuja Kangemi na kipimo hicho? Bonde moja tu linatutenganisha na Loresho ya matajiri. Nakhumicha aliwahi kufua katika nyumba moja ya huko, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kumtia mbwa dawa ya macho, matone mawili asubuhi, mawili jioni. Mbwa yule alipimwa. Mbwa yule mpaka leo anaona. Mtu aliyewavika nusu ya mtaa siku za mazishi yao hakupimwa na yeyote, kisha tunaambiwa nchi hii ni yetu sote. Nilisema hayo yote kwenye ngazi, kwa sauti kubwa, watu wakigeuka.

“Mwalimu,” Ogutu akasema, “nimepoteza hesabu ya ngazi.”

Asubuhi iliyofuata niliamka na kumkuta amekwisha kuwasha moto, maji yako motoni. Habari ya macho yake ilikuwa imefika mtaani kabla hatujarudi kutoka mjini. Saa mbili kasoro watu walikuwa wamepanga foleni mbele ya kibanda. Hawakuwa wameleta nguo. Walikuja kuzichukua zile walizoacha wiki iliyopita, ambazo hazijapikwa.

Hawakumtukana. Mmoja alisema mtoto amebadilisha shule. Mwingine alisema koti lile halihitajiki tena, mgonjwa amepata nafuu. Ogutu aliingiza mkono kwenye rundo, akapapasa upindo, kifungo, mfuko ulioraruka, akataja jina la mwenyewe na kumkabidhi. Hakukosea hata mara moja. Kila aliyepokea alisema asante, mzee, akaondoka akiangalia chini, na wengi wao walivuka barabara.

Wa mwisho alipokwenda, Ogutu aliendelea kupapasa gunia tupu pale rundo lilipokuwa. Nakhumicha akatoka ndani, akatazama pipa lililokuwa likichemka maji matupu. Alipiga magoti, akazivuta kuni moja moja, akazimwagia maji.