Shanga Shingoni mwa Fisi

Namshukuru Mungu aliyenifikisha uzeeni. Juzi redio ilitangaza kwamba fisi wameonekana tena huku Bariadi. Jirani yangu akauliza papo hapo, "Wa nani hao?" Kwetu wengi huamini fisi ni mifugo ya wachawi.

Nilikuwa mdogo mchana ule wanaume walipouburuta mzoga wa fisi hadi uani kwetu. Ulinuka damu na vumbi. Shingoni ulikuwa na shanga nyeupe.

"Nani mwenye shanga hizi?" mmoja aliuliza.

"Bibi anazo!" nilijibu upesi, nikidhani nitasifiwa.

Wote walimgeukia bibi. Bibi akasema taratibu, "Mjukuu wangu, umeniua."

Kabla jua halijazama, baba alimtorosha kwa baiskeli hadi Maswa. Bibi hakurudi tena. Leo najua shanga kama zile kila mwanamke alizinunua gulioni.

Wewe usomaye, Mungu akulindie ulimi wako, na bibi yako.