Fulana ya Kamau Haioshwi

Niliondoka Ol Kalou mwezi wa tatu kwa sababu binti yangu Wanjiru alinipigia simu kutoka Sweden. "Mama, Jumamosi Kamau ana mechi kubwa. Timu ikishindwa inateremka daraja, na huko chini hawataki beki wa miaka thelathini na tatu. Njoo umwone kabla hajaachishwa." Miaka kumi na mitano mjukuu wangu amecheza magongo ya barafuni, ligi ndogo, na mchana anasukuma vitanda hospitalini. Nilikuwa nasema huo ni utoto. Lakini ndege nilipanda.

Alhamisi nikafika mjini kwao, Upplands Väsby. Theluji mpaka magotini. Majirani wakauliza kama nasikia baridi. Mimi wa Nyandarua! Nikawaambia nimekama ng'ombe kwenye baridi kali kuliko hiyo. Ulikuwa uongo, Mungu anisamehe.

Ijumaa asubuhi Wanjiru na Kamau walienda kazini. Harufu ikanijia kwenye korido kama panya amefia ndani. Kumbe ni begi la Kamau. Chumba cha kufulia cha jengo huenda kwa zamu, na yetu ilikuwa Jumanne. Basi nikaifua fulana yake ya mechi kwa beseni, na sabuni ya mche niliyotoka nayo nyumbani, mpaka ikakumbuka kuwa nyeupe.

Kamau akarudi, akashika kichwa. "Nej! Hapana, Shosho! Hiyo haioshwi!"

"Haioshwi kwani ni Biblia?"

"Tumeshinda mechi sita. Timu nzima hatujaosha. Umeosha bahati!"

"Wewe umebatizwa. Bahati gani inanuka hivyo?"

Mtu wa mabega kama mlango, akakataa githeri yangu ya mahindi na maharagwe. Hapo nikaogopa, lakini sikumwonyesha.

Jumamosi, uwanjani. Wanapigania kisahani cheusi cha raba, na beki kazi yake kukizuia kisifike golini. Tulikuwa mbele, mbili kwa moja, na mimi mama wa kanisa nimesimama juu ya kiti napiga kelele! Zikabaki sekunde chache. Adui akainua gongo. Kamau akajilaza mbele yake, mwili mzima, kama mtu anayeziba mfereji. Kisahani kikampata mbavuni. Hakuinuka.

"Kamau! Amka!"

King'ora kikalia. Akaamka. Tumeshinda!

Nje ya chumba cha wachezaji akaja nahodha wao, Mswidi mrefu mwenye mapengo mawili, amebeba mfuko wa fulana zinazonuka. Kamau alikuwa anacheka huku ameshika mbavu. "Shosho, kocha amesema nabaki msimu mwingine! Na huyu anauliza kama utawaoshea hizi pia."

"Mwambie sikupanda ndege kuja kuwa dobi." Nikampa nahodha kipande cha sabuni kilichobaki.

Nimerudi Ol Kalou. Wanawake wa kanisa wakaniuliza Kamau hucheza nini huko. Nikawaambia hachezi. Wengine wanakimbiza kile kisahani. Yeye anasimama pale kitakapoumiza. Hilo nililiona kwa macho yangu, na neno utoto sijalisema tena.

Siku ya mechi Kamau hunipigia simu. Namwuliza jambo moja tu.

"Nimeosha, Shosho."