Vidole vya mama vimeshinda sindano

Leo sindano imegoma kuingia kwenye kidole cha mama yangu!

Tulikuwa kituo cha afya, hapa Matai. Kifua kilikuwa kinambana mama tangu asubuhi. Nesi ana kipimo kidogo kama simu: tone moja la damu, kinaonesha kama moyo umeumia.

Akachoma. Damu haitoki. Akachoma kingine. Wapi!

"Mama, hivi vidole umevipaka saruji?" nesi akauliza.

"Ni jembe, mwanangu."

Nikacheka. Vidole hivyohivyo vilitumegea ugali wa ulezi unaofuka moshi, vikaupoza, ndipo tukapewa. (Nani mwingine alilelewa hivi?)

Damu ikapatikana kidole cha mwisho. Moyo haujaumia, ila kesho tunarudi wahakikishe.

Jioni hii ugali nimesonga mimi. Namega, naungua, naachia.

Mama akavuta sahani yangu: "Lete, nikupozee."

Nina watoto watatu. Nimekula.