Mtu Aliyemwacha Mbwa Atazame

Habari ya kifo cha rafiki yangu ilinikuta ndani ya lifti ya jengo moja la nguo kule Zhanqian Road, nikiwa nimebanwa kati ya marobota ya jinzi na mchukuzi aliyekuwa akisinzia wima. Ujumbe ulitoka kwa mkewe, aliyeko Njombe: “Shemeji, ndugu yako ametutoka leo alfajiri. Ni moyo.” Lifti ilifika ghorofa yangu, milango ikafunguka na kufungwa, nami nikaendelea kupanda hadi juu kabisa, ambako hakuna maduka, ni matangi ya maji tu na anga jeupe la Guangzhou. Nikasimama pale mpaka shati likalowa unyevu. Wasomaji wangu wa siku zote mmezoea safu hii izungumzie bei, mizigo na masomo ya watu wetu huku. Leo mniwie radhi, nitamzungumzia mtu mmoja na mbwa mmoja.

Alikuja China kwa ufadhili, kusomea shahada ya uzamivu katika mashine za kilimo. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kicheko cha chinichini. Kijijini kwao walianza kumwita Daktari siku alipopanda ndege. Kisha profesa aliyemsimamia akahamia mji mwingine, utafiti ukakwama, ufadhili ukaisha. Nilipomfahamu alikuwa akiishi kwa kuwatafsiria wafanyabiashara wetu katika maduka ya jumla ya Guangyuan Xilu, akibembeleza bei kwa Kichina mbele ya laoban, yaani mwenye duka, kisha akiwageukia akina mama wa Mbeya na Mwanza kwa Kiswahili. Hao nao walimwita Daktari. Hakuwakatalia, ila kila alipoitwa hivyo aliangalia viatu vyake.

Chumba alipanga kwa mjane mmoja wa Kichina ambaye sote tulimwita Ayi, kama wanavyoitwa huku wanawake wenye umri wa shangazi zetu. Ayi alikuwa na mbwa mdogo wa manyoya mekundu ya kujikunja, mwenye jina la Kichina ambalo marehemu alilitafsiri kuwa Tangawizi. Mume wa Ayi ndiye aliyemfundisha mashindano ya viunzi. Mbwa huachiwa uwanjani, akaruka vizuizi, akapita ndani ya handaki la turubai, akapenya kati ya vijiti, akapanda ubao mrefu kama daraja na kushuka upande wa pili, huku mtu akikimbia kando yake na kumwonyesha njia kwa mkono na sauti, bila kumgusa. Akimaliza bila kosa na ndani ya muda, hiyo huitwa mbio safi. Mbio safi zikitimia idadi inayotakiwa, mbwa hupewa cheo, na kutoka hapo huanza kutafuta cheo cha juu zaidi. Mzee yule alifariki kikiwa kimebaki cheo cha mwisho. Ayi, ambaye magoti yake yalikuwa mabovu, alikuwa akitundika utepe wa kila mbio safi ukutani jikoni, juu ya sufuria ya wali, na kila akipika alizitazama tepe hizo na kuona pengo lililobaki. Jioni moja akamwambia mpangaji wake, “Wewe una miguu mirefu. Mkimbize wewe.”

Mimi nimelelewa Pangani, katika nyumba ambayo mbwa hakuvuka kizingiti, kwa hiyo niliwatazama kwa mbali, nyuma ya kamba. Hata hivyo nilikwenda, Jumapili baada ya Jumapili, kwa sababu kulikuwa na kitu cha kutuliza moyo katika kumwona mtu yule mkubwa akielea juu ya majani nyuma ya kiumbe kidogo vile, akisema kwa sauti ya kubembeleza, “Ruka. Ruka tena. Pita ndani. Taratibu.” Wenyeji walicheka mwanzoni. Baadaye walizoea, na watoto wao wakawa wanaruka viunzi vya kufikirika huku wakisema “taratibu” kwa lafudhi ya Kikantoni.

Ilipobaki mbio safi moja, Tangawizi alikuwa ameshaota mvi mdomoni. Mashindano yalikuwa Nansha, karibu na bandari. Ukungu ulikuwa umeshuka, na kreni za makontena zilining’inia hewani kana kwamba hazina miguu. Mbwa alianza vizuri, akaruka, akapenya, akapanda ubao. Alipofika katikati, akasimama. Aligeuza uso upande wa mto, akainua pua, akatulia. Ayi alinishika mkono wa shati. Kilichotakiwa ni neno moja tu la kumhimiza, na muda ulikuwa bado upo. Nilimwona marehemu akifungua mdomo, kisha akaufunga. Akashusha mikono, akasimama naye, akatazama alikotazama mbwa. Sijui ilikuwa muda gani. Nakumbuka honi ya meli moja, mbali, na manyoya ya mbwa yakipeperuka. Filimbi ya mwamuzi ikalia, muda umekwisha. Mbwa akashuka mwenyewe, polepole, akitikisa mkia.

Ndani ya basi Ayi akamgeukia. “Kwa nini hukumwita?”

“Alikuwa anatazama kitu, Ayi.”

“Kitu gani?”

“Sijui. Ila alikuwa hajamaliza.”

Ayi aliangalia dirishani, minazi na maghala yakipita nyuma ya matone. “Mume wangu angemwita,” akasema. Kisha akaongeza, “Alikuwa anamwita kila mara.”

Cheo walikipata miezi kadhaa baadaye, kwenye mashindano madogo, kukiwa na manyunyu na watazamaji wachache chini ya miavuli. Mbio ilikuwa safi toka mwanzo hadi mwisho. Ayi alilia kidogo, tukaenda kula tambi, mbwa akalala chini ya meza upande usio wangu. Nadhani sote tulikuwa tukingoja furaha kubwa zaidi ya ile. Ndipo Ayi akaweka vijiti vyake juu ya bakuli na kumwambia, “Mbwa amemaliza. Na wewe?”

Alitoka nje. Nilimfuata na mwavuli, nikamkuta kibarazani akimpigia mkewe. Simu yake ilikuwa mbovu, ilisikika kwa kipaza sauti tu, na aliponiona hakunifukuza.

“Mama, mimi sitakuwa daktari,” alisema. “Masomo yalikwisha kufa zamani. Nimekuwa nikikuficha.”

Upande wa pili nilisikia kuku, na mtu akisukuma ndoo. “Nilijua, Baba,” mkewe akasema. “Tangu ulipoacha kuyalalamikia.”

“Mbona hukuniuliza?”

“Nilikuwa nakungoja.”

Alirudi nyumbani mwaka uliofuata, akafungua karakana ya pampu na matrekta madogo, na sauti yake kwenye simu ikawa ya mtu aliyelala vizuri. Mazishi yake niliyaona kwenye video iliyotumwa na shemeji zake. Mchungaji alianza kusoma, “Marehemu Daktari,” na mkewe akainuka, akaomba kipaza sauti. “Samahani, Mchungaji, naomba nirekebishe. Mume wangu hakuwa daktari. Alinieleza mwenyewe, na huyo aliyenieleza ndiye niliyeishi naye, ndiye tunayemzika. Tafadhali endelea.” Umati ulinong’ona, kisha mchungaji akaendelea, akilitaja jina lake tupu.

Nimefikiri sana juu ya vyeo tunavyowavisha watu wetu kabla hawajaondoka uwanja wa ndege. Tunawavisha kwa mapenzi, lakini anayevaa hujikuta hawezi kurudi bila hilo vazi, wala kusema kwamba limembana. Kutafuta cheo ni jambo jema, na mimi mwenyewe nilipiga makofi siku ile ya manyunyu. Ila mtu anaposimama katikati ya njia, si kila mara amechoka au amepotea, na anayempenda anaweza kumpa muda bila kumwita. Nina mdogo wangu anayesoma Wuhan. Zamani kila akipiga simu nilimuuliza atamaliza lini. Siku hizi namuuliza amekula nini na kama mvua imenyesha, kisha nanyamaza kidogo. Juzi, katika ukimya huo, alivuta pumzi akasema, “Kaka, kuna jambo nilitaka kukwambia.”